Vikorokoro vya bastola ya kubeba: uchambuzi wa Glock 43X moja

Bastola iliyowekwa mezani ilikuwa Glock 43X, toleo lenye reli chini ya mtutu. Ni bastola ya milimita 9 iliyoingia sokoni mwaka 2019, na ilibuniwa kwa mtu anayebeba silaha chini ya nguo. Slaidi, kile kipande cha juu kinachorudi nyuma kila risasi inapolia, ina upana wa milimita 22 hivi, magazini ya kiwandani, yaani kisanduku cha risasi kinachoingia kwenye mpini, inachukua risasi 10, na ikiwa na magazini tupu haizidi sana nusu kilo. Mwenyewe ana kibali, ana mikono mikubwa, anatumia mkono wa kulia, na anaibeba mbele ya kiuno, ndani ya suruali.

Malalamiko yake yalikuwa matatu. Slaidi haibaki nyuma risasi zinapoisha. Risasi ya pili mara nyingine haipandi chemba, pale inapokaa tayari kulia. Na kuna siku alikaa kwenye kiti, aliposimama akakuta magazini imechomoka kwenye mpini na kuning'inia nusu nje.

"Mwalimu, hii bastola imeanza kunisaliti," alisema.

"Kaka, hii bastola mimi naitambua kwa namba tu. Vingine vingi si vyake."

Alikuwa ameifunga vitu vinane. Magazini za chuma za kampuni nyingine zinazobeba risasi 15 katika urefu uleule wa magazini ya risasi 10. Kitufe kirefu cha kuachia magazini. Faneli ndogo ya kuongoza magazini kwenye mdomo wa mpini. Wenzo mrefu wa kuzuia slaidi. Seti ya kifyatulio chepesi pamoja na springi zake. Soksi ya mpira juu ya mpini. Kifuniko cha nyuma ya slaidi kilichochorwa fuvu la kichwa. Na tochi kwenye reli. Gharama yake, ukijumlisha, ilikuwa inakaribia kununua bastola nyingine kama hiyo. Hilo ni lake, fedha ni zake. Kilichonishughulisha ni kwamba nilipomuuliza kila kimoja kilikuja kutibu tatizo gani, alikuwa na jibu kwa viwili tu: soksi, kwa sababu mpini ulikuwa unateleza mkono ukitoa jasho, na tochi, kwa sababu ya usiku. Sita vilivyobaki vilinunuliwa kwa kuwa vipo.

Kwa bahati alikuwa mtunzaji. Vipande vyote vya kiwandani alivihifadhi kwenye mfuko mmoja, na hilo liliokoa muda mwingi. Bastola yenye mabadiliko manane ikikwama, una washukiwa wanane, na mara nyingi wawili wanashirikiana. Ukibadilisha kimoja, ukapiga risasi kidogo, ukaona imetulia, hujui kama umepata mhalifu au ni siku nzuri tu. Kwa hiyo tulikagua chemba mara mbili, tukaifungua, tukairudisha yote ilivyotoka kiwandani, tukaenda nayo uwanja wa shabaha na magazini zake za risasi 10. Ikafanya kazi bila kukwama hata mara moja. Basi bastola haikuwa mgonjwa. Tukaanza kurudisha vitu kimoja kimoja.

Magazini ndizo zilizokuwa na mambo mengi, na ndizo alizozipenda kuliko vyote. Hoja yake ilikuwa nyepesi kueleweka: risasi 5 zaidi, bila kuongeza hata milimita moja ya urefu wa mpini. Na urefu wa mpini si jambo dogo kwa anayebeba chini ya shati. Watu huhangaika na urefu wa mtutu, kumbe mtutu umeelekea chini na umefichwa na suruali. Kinachochomoza nguoni ni mpini, hasa kona yake ya chini. Ndiyo maana vitako virefu vya magazini, vile vinavyoongeza risasi 2 au mahali pa kidole kidogo, vinaifanya bastola ya kufichwa kuwa ngumu kufichika. Magazini yake ya chuma haikuwa na ubaya huo.

Ubaya wake ulikuwa mahali pengine. Magazini ya Glock ya kiwandani ni chuma kilichovikwa plastiki, na kile kishikilia kinachoingia kwenye tundu la ubavu wake ni cha plastiki pia. Plastiki kwa plastiki, vinaishi pamoja kwa amani. Magazini ya chuma kitupu ikiingizwa na kutolewa kila mara, ukingo wa tundu lake unakula kile kishikilia taratibu. Kwa hiyo anayenunua magazini hizo anashauriwa anunue na kishikilia cha chuma. Akishakifunga, sasa magazini zake za zamani za plastiki ndizo zinazoanza kuliwa. Yaani ununuzi mmoja umezaa wa pili, na wa pili umezikataa magazini ulizokuwa nazo. Yeye alikuwa anachanganya zote mbili kwenye begi moja.

Kuna jambo la pili. Risasi 15 zikikaa mahali pa 10, springi inabanwa sana. Slaidi ikiwa mbele, risasi ya juu kabisa inagonga tumbo la slaidi kabla magazini haijafika mahali pake, na lazima uipige kwa nguvu mpaka kishikilia kiingie kwenye tundu. Ukiisukuma kwa upole, inasimama, inaonekana imekaa, lakini haijashikwa. Ile ya kwanza iliyo chembani italia vizuri. Ya pili, slaidi inapita juu yake bila kuikokota, maana magazini imeshuka milimita chache. Hilo ndilo lalamiko lake la pili, lote kama lilivyo.

Mshirika wa magazini alikuwa faneli. Faneli za mdomo wa mpini zilitoka kwenye mashindano ya kulenga shabaha, ambako mtu anabadilisha magazini akikimbia na saa inahesabu. Huko zina kazi. Kwenye bastola ya kiunoni zinaongeza unene palepale pasipotakiwa, kona ya chini ya mpini. Na kwa bwana huyu, kitako cha magazini ya chuma kilikuwa kinagusa ukingo wa faneli kabla magazini haijajifunga. Tulipoondoa faneli peke yake, magazini ziliingia kwa urahisi zaidi, lakini bado zilidai pigo zikiwa zimejaa. Tulipozijaza risasi 14 badala ya 15 ziliingia vizuri kabisa. Hapo faida ya risasi 5 imekuwa 4, pamoja na kishikilia cha chuma, pamoja na kutupa magazini za zamani. Pengine kuna mtu ambaye hesabu hiyo inamfaa. Isitoshe, si kila mahali sheria inaruhusu: majimbo kadhaa ya Marekani, California na New York yakiwemo, yameweka kikomo cha risasi 10 kwa magazini, na huko mjadala huu wote haupo.

Kitufe kirefu kilichukua dakika chache. Kwa anayetumia mkono wa kulia na kubeba mbele ya kiuno, ubavu wa kushoto wa bastola ndio unaoegemea tumbo, na kitufe cha kuachia magazini kiko ubavu huo. Kiwanda kilikifanya kifupi kwa sababu. Kirefushe, kisha kaa chini, funga mkanda wa gari, inama kufunga kamba za viatu: tumbo lenyewe linakibonyeza. Magazini iliyoning'inia nusu nje ilitoka hapo. Alikuwa amekifunga akiamini kidole chake kifupi hakifiki, ilhali ana mikono mikubwa kuliko yangu. Kikatoka.

Wenzo mrefu wa slaidi ulikuwa na kisa cha aina hiyohiyo, ila wenyewe ulijificha zaidi. Anashika bastola kwa mtindo unaofundishwa siku hizi, vidole gumba vyote viwili vimeelekea mbele. Kwa mkono mkubwa kwenye mpini mdogo, gumba la kulia linalala moja kwa moja juu ya ule wenzo. Risasi ya mwisho inapotoka, kibao cha magazini kinajaribu kuuinua wenzo ili uizuie slaidi, na gumba linaukandamiza chini. Slaidi inarudi mbele, mpigaji anavuta kifyatulio, anasikia tk, hajui kama risasi imeisha au imegoma. Tulimwomba apige akiwa ameinua gumba: slaidi ikabaki nyuma kila mara. Akalilaza tena: ikagoma. Tuliporudisha wenzo mfupi wa kiwandani, tatizo lilipungua sana lakini halikuisha. Liliisha alipojifunza kuliegemeza gumba la kulia juu ya gumba la kushoto badala ya juu ya fremu. Hakuna kifaa kinachouzwa cha jambo hilo.

Sasa kifyatulio. Hapa sikuwa na upole, na sioni kwa nini mtu awe nao.

Glock haina kizuizi cha kubonyeza kwa mkono. Ina vizuizi vitatu vinavyojifungua vyenyewe kifyatulio kinapovutwa: ulimi mdogo ulio katikati ya kifyatulio, kizuizi cha pini inayoigonga risasi, na kile kinachoizuia bastola isilie ikidondoka. Pamoja na hivyo, kinachomlinda mbebaji ni mambo mawili: uzito wa kifyatulio chenyewe, ambao kwa bastola hizi ni karibu kilo 2.5, na holsta, yaani ala ya bastola, inayokifunika kifyatulio chote. Seti aliyofunga ilipunguza uzito huo, ikafupisha safari ya kifyatulio, na ikabadilisha umbo la ule ulimi. Alibeba hivyo mbele ya kiuno, mahali ambapo mdomo wa mtutu unaelekea kwenye paja na mshipa mkubwa wa damu unaopita hapo. Faida? Makundi yake ya matundu kwenye karatasi yalikuwa yamebana kidogo zaidi kwa masafa ya mita 15 akipiga taratibu. Akipiga haraka kwa masafa mafupi, ambayo ndiyo sababu ya kubeba bastola ya aina hii, hapakuwa na tofauti ya kuonekana.

Springi nyepesi ya pini iliyokuja kwenye seti hiyo nayo ilikuwa na lake. Pini ikisukumwa kwa nguvu ndogo, inaigonga fataki ya risasi, ile kofia ndogo ya kitakoni inayoiwasha, kwa nguvu ndogo. Risasi zenye fataki laini zinalia. Zenye fataki ngumu baadhi zinabaki na kidoa kidogo na hazilii. Tulipata moja ya namna hiyo, na ilitosha. Seti yote ikarudi kwenye mfuko. Kama kifyatulio cha kiwandani kinakukera, kipige sana kikiwa kikavu, chemba tupu na risasi zikiwa chumba kingine. Vipande vinavyosuguana vinalainika na kidole kinazoea.

Kile kifuniko chenye fuvu hakina madhara yoyote ya kimekanika. Ni kipande kinachoziba nyuma ya slaidi, na fuvu halikwamishi risasi. Lakini mtu aliyetumia silaha kujilinda ataulizwa maswali baadaye, na waulizaji watakuwa wameishika silaha hiyo mikononi. Mwaka 2016 huko Mesa, Arizona, askari polisi alimpiga risasi na kumuua mtu asiye na silaha, akitumia bunduki yake binafsi iliyokuwa na maneno ya matusi yamechongwa kwenye kifuniko cha ubavuni. Jaji alizuia maneno hayo yasiletwe mbele ya baraza la mahakama, na mwaka 2017 askari akaachiwa huru. Hata hivyo magazeti yaliyaandika, na mpaka leo kila anayeikumbuka kesi hiyo anayakumbuka maneno. Kwa kipande cha pambo, hilo ni deni kubwa mno. Cha kushangaza ni kwamba mahali hapohapo, nyuma ya slaidi, kuna kifuniko cha aina nyingine ambacho ningekitetea: chenye bawaba, kinachoinuka kidogo kifyatulio kikianza kusogea. Unakiwekea gumba unaporudisha bastola kwenye holsta, na kama shati au kamba imeingia kwenye kinga ya kifyatulio, gumba linasikia kabla ya mlio. Kipo kwa modeli kadhaa za Glock. Yeye aliridhika na njia ya bure zaidi: kuivua holsta, kuingiza bastola akiiona kwa macho, kisha kuivaa holsta ikiwa na bastola ndani.

Kuhusu tochi tulibishana, na sidhani kama tumemaliza.

Hoja yake ni ya haki. Mtu hapaswi kumpiga asiyemtambua, na usiku hutambui bila mwanga. Tochi iliyo kwenye bastola inauachia mkono wa pili ufungue mlango au umshike mtoto. Yote kweli. Lakini tochi ya kwenye bastola inamulika panapoelekea mtutu, hakuna namna nyingine. Ukisikia kishindo uani na ukamulika kuona ni nani, umeshamlenga, na huyo anaweza kuwa jirani. Kwa hiyo hata mwenye tochi ya kwenye bastola bado anahitaji tochi ya mkononi. Na ukishakuwa na tochi ya mkononi mfukoni kila siku, sababu za ile nyingine zinapungua.

Kisha kuna holsta. Tochi ya gramu 70 hivi haiongezi uzito wa kusumbua, ila inabadilisha umbo. Holsta inabidi iwe na mdomo mpana ili tochi ipite, na upana huo unaacha uwazi pembeni ya kinga ya kifyatulio. Baadhi ya holsta za namna hii zinaishika tochi badala ya bastola; toa tochi, bastola inacheza ndani kama ulimi wa kengele. Ya kwake ilikuwa hivyo. Ukiichungulia kutoka juu, uliweza kupitisha kidole kidogo mpaka kikaribie kifyatulio. Weka hapo kile kifyatulio chepesi cha awali ndipo uone jinsi vitu viwili visivyofahamiana dukani vilivyokutana kiunoni kwa mtu.

Kuna jambo la kimekanika pia ambalo wapenzi wa tochi hulisahau. Fremu ya polima, yaani plastiki ngumu, inapinda kidogo kila risasi inapolia, na ukiifungia kitu kwenye reli unabadilisha namna inavyopinda. Glock 22 za kizazi cha tatu, za kaliba .40, zilikwama mikononi mwa baadhi ya polisi wa Marekani baada ya kufungwa tochi, na sehemu ya dawa ilikuwa springi zenye nguvu zaidi za magazini. Bastola ya milimita 9 haina msukumo ule, na hii ya kwake haikuonyesha dalili yoyote. Ila mtu akifunga tochi halafu asiijaribu kwa risasi zilezile anazobeba, anajitumainisha tu. Wabebaji wengi wanataka risasi 200 mfululizo bila kukwama kabla ya kuiamini bastola waliyoibadilisha chochote. Si sheria iliyoandikwa popote, lakini ni kipimo kizuri.

Tulikubaliana nusu: tochi inakaa nyumbani, kwenye kisanduku chenye kufuli, na inafungwa bastola inapolala humo usiku. Mchana haibebwi. Yeye bado anasema namnyima kitu.

Soksi ya mpira ilitoka, ingawa tatizo iliyoletewa lilikuwa la kweli. Mpira unauongezea mpini unene, unashika shati na kulivuta kila ukiinama, na wa kwake ulikuwa umeanza kupanda juu kuelekea kitufe cha magazini. Mahali pake aliweka utepe wa kubandika wenye uso kama msasa laini, uliokatwa kwa umbo la mpini. Unene wake hauhesabiki, haugusi kipande chochote kinachosogea, na ukichakaa unaubandua. Kwa mkono wenye jasho tofauti ilionekana papo hapo, kwenye risasi ya tatu na ya nne, ambapo awali mpini ulikuwa unazunguka kiganjani. Hiki ndicho kitu rahisi kuliko vyote alivyonunua, na peke yake ndicho kilichomfanya apige vizuri zaidi.

Nilimshauri aongeze kimoja ambacho hakuwa nacho: alama za kulengea za chuma. Zile za kawaida za Glock ni za plastiki. Zinatosha kulenga, lakini ukihitaji kukoki bastola kwa mkono mmoja kwa kuikwamisha kwenye mkanda, plastiki si mahali pa kuegemea. Alichukua zenye tritiamu, gesi inayong'aa yenyewe gizani bila betri. Tritiamu inapungua nusu kila baada ya miaka 12.3, kwa hiyo atakayenunua zilizotumika aangalie kwanza mwaka uliochapwa ubavuni. Kuzifunga ni kazi ya fundi mwenye kifaa cha kusukumia. Nyundo na msumari vimeharibu slaidi nyingi.

Sehemu kubwa ya kile alichokuwa anakitafuta, yaani bastola inayokaa vizuri, isiyoonekana, inayotoka haraka, haikuwa kwenye bastola kabisa. Tulimtafutia holsta ngumu iliyotengenezwa kwa 43X isiyo na tochi, inayofunika kifyatulio chote. Ina bawa dogo linaloegemea mkanda na kuuzungusha mpini uelekee mwilini, na kabari ya povu upande wa chini inayousukuma mtutu nje kidogo ili sehemu ya juu ilale kwenye tumbo. Pamoja na hiyo, mkanda wa suruali usiokunjika. Hivyo ni vikorokoro pia, ila vinafanya kazi nje ya bastola. Vikifeli, shati litachomoza. Bastola italia kama kawaida. Ile kona ya mpini iliyokuwa inaonekana kwenye shati jepesi haikuonekana tena, na mpini wenyewe haukuwa umekatwa wala kubadilishwa.

Bastola sasa ina utepe na alama za chuma, vingine vyote ni vya kiwandani, na imepita zile risasi 200 bila neno, kwa magazini za plastiki na kishikilia cha plastiki. Swali alilobaki nalo ni la zile magazini za chuma. Anataka azitumie mazoezini tu, ili asijaze mara kwa mara. Nimemwambia kishikilia cha plastiki kitaliwa mazoezini kama ambavyo kingeliwa kiunoni, kwa hiyo aidha awe anakikagua na kukibadilisha, au aziuze. Bado anafikiria.